PAUL MAUSER: Jina liko juu ya bodi, mtutu je?

Wadau, leo naacha kidogo siasa na bei za vitu. Nawaletea maisha ya mzee mmoja wa Kijerumani aliyefariki zaidi ya miaka mia moja iliyopita, ila jina lake bado linatajwa kila inapoonekana bunduki ya zamani. Mauser. Hapa kwetu ukimwonyesha mtu picha ya askari wa enzi za Mjerumani, atakuambia hiyo aliyoshika ni Mauser, na mara nyingi atakuwa amepatia. Sasa muulize inapiga risasi gani. Hapo ndipo watu wanapochemka, na sio hapa tu. Wakusanyaji wa silaha za kale huko Ulaya na Marekani nao wanakuna vichwa, maana bunduki za huyu mzee zimebadilishwa mitutu sana, nchi baada ya nchi. Mtu akisoma jina lililochongwa kwenye chuma akaishia hapo, akatia risasi isiyo ya mtutu ule, anaweza kupoteza jicho au maisha kabisa.

Mie sio fundi bunduki, nimemaliza form four na kazi yangu ni hii ya kuandika andika. Nimeifuatilia habari hii kwa sababu bunduki zenyewe zilipita hapa kwetu, kuanzia Tanga mpaka Songea, na watu wakafa kwazo.

Haya tuanze. Peter Paul Mauser alizaliwa tarehe 27 Juni 1838 huko Oberndorf, mji mdogo kando ya mto Neckar, katika ufalme wa Württemberg. Wakati huo Ujerumani bado haijawa nchi moja, kila mfalme na eneo lake na jeshi lake. Paul alikuwa kitinda mimba kati ya watoto 13. Baba yake, Franz Andreas, alikuwa fundi kwenye kiwanda cha bunduki cha mfalme, na kiwanda chenyewe kilikuwa ndani ya majengo ya zamani ya watawa. Yaani pale watu walipokuwa wakipiga magoti kusali, ndipo pakaja kutengenezwa silaha. Mambo ya dunia.

Paul aliingia kiwandani akiwa bado mtoto. Kaka yake Wilhelm, aliyemzidi miaka minne, naye alikuwa humo humo. Hawa wawili ndio wanaohusika na habari yetu. Paul alikuwa wa mikono, wa kufikiri na chuma. Wilhelm alikuwa mtu wa maneno na biashara, wa kwenda kubisha hodi kwa wakubwa. Mwaka 1859 Paul akaitwa jeshini, akapelekwa kwenye mizinga huko Ludwigsburg, na kule akapata muda wa kuchunguza silaha za aina nyingi.

Bunduki iliyokuwa inasifiwa siku zile ni ya Dreyse ya Waprusia, iliyoitwa bunduki ya sindano. Ilikuwa inapakiwa kwa nyuma badala ya mdomoni kama gobore, na ilifungwa kwa komeo, kama komeo la mlango: unainua, unavuta, unatia risasi, unasukuma, unalaza. Ila risasi zake zilikuwa za karatasi, na sindano ilibidi itoboe karatasi na baruti mpaka ifike kwenye fataki ndani. Moto ulikuwa unavuja nyuma, kwenye uso wa askari. Tena askari alilazimika kuikoki kwa mkono kama hatua ya peke yake. Paul akaja na wazo ambalo ukilisikia leo unaona dogo tu: kule kuzungusha komeo kuikoki bunduki kwenyewe. Baadaye akaongeza risasi ya ganda la shaba, ambalo linapopanuka kwa presha ya gesi linaziba nyuma na moto hauvuji tena.

Wazo zuri, mnunuzi hakuna. Waprusia walikuwa wametoka kuwapiga Waaustria mwaka 1866 kwa bunduki ile ile ya sindano, nani ahangaike na vijana wa Oberndorf? Akatokea Mmarekani mmoja, Samuel Norris, aliyekuwa wakala wa kampuni ya Remington huku Ulaya. Akawachukua ndugu hawa mwaka 1867 mpaka Liège, Ubelgiji. Kazi aliyowapa ni kutafuta namna ya kuigeuza Chassepot, bunduki ya Wafaransa, ili ipige risasi za ganda la chuma, kwani alitaka kwenda kuwauzia Wafaransa ugeuzaji huo. Naomba mlishike hili. Mauser aliingia mjini kwa kubadilisha bunduki za watu wengine. Hataza yake ya kwanza kubwa, iliyotolewa Marekani mwaka 1868, ina jina la Norris pia. Biashara ikafa, Remington hawakuitaka, Norris akaacha kulipa, na ndugu wakarudi kwao mifuko mitupu.

Bahati nzuri ni kwamba bunduki ilikuwa imeshaonekana na watu wa majaribio wa Prussia kule Spandau. Wakaijaribu, wakaagiza marekebisho, na mwishoni mwa 1871 ikakubaliwa kuwa bunduki ya dola jipya la Ujerumani. Ni ile iitwayo Modeli 71, ya risasi moja moja, mtutu wa milimita 11, baruti nyeusi ya moshi. Sasa cheki ubaya wa wakubwa: bunduki ni ya Mauser, lakini kazi ya kuitengeneza ikapewa viwanda vya serikali. Wao ndugu wakaanza kwa kupewa kutengeneza vilengeo tu. Wakajenga karakana, mwaka 1873 ikaungua, wakaanza upya. Mwaka 1874 Württemberg ikatoa oda ya bunduki 100,000 na ndugu, wakisaidiwa na benki, wakanunua kile kiwanda cha mfalme. Mtoto wa fundi akawa mwenye kiwanda alichofanyia kazi baba yake.

Hii Modeli 71 ndiyo iliyokuja kwetu. Wissmann alipoletwa mwaka 1889 kupigana na Abushiri wa Pangani na Bwana Heri wa Saadani, askari wake walibeba hizo. Tarehe 17 Agosti 1891 pale Lugalo, Wahehe wa Mkwawa walikifyeka kikosi cha Zelewski na kuchukua bunduki wapatao 300. Kwa hiyo jina la Mauser lilikuwa pande zote mbili za vita vya Uhehe. Na wakati wa Majimaji, 1905 mpaka 1907, Ujerumani kwenyewe jeshi lilishahamia bunduki mpya, ila askari wa huku walikuwa bado wanapewa 71. Kwa wenye mikuki na magobore hata hiyo ya zamani ilitosha kuua, sembuse pamoja na bombomu. Halafu njaa iliyoletwa na kuchomwa mashamba ikamaliza watu wengi zaidi kuliko risasi. Sijaona popote kwamba Mauser aliwahi kufika Afrika Mashariki. Alikuwa anauza vyuma, vinaenda vinakokwenda.

Wilhelm alifariki Januari 1882, na Paul akabaki bila mtu wa maneno. Ila oda zilishaanza kuingia. Serbia walichukua ya milimita 10.15, iliyopendekezwa na ofisa wao Milovanović, ambaye alitaka mifereji ya ndani ya mtutu iwe inabadilika upana kuanzia nyuma kwenda mdomoni. Waturuki mwaka 1887 wakaagiza mzigo mkubwa kweli, bunduki 500,000 na nyingine fupi 50,000. Kipenyo chao kilikuwa milimita 9.5, na mkataba ulikuwa na kipengele cha kijanja: Mauser akigundua kitu kipya katikati ya mzigo, Waturuki wana haki ya kudai kipya. Wakakitumia kweli, bunduki zilizofuata zikawa za milimita 7.65. Mzigo huo ulikuwa mzito mno kwa Oberndorf peke yake, ukagawanywa na kampuni ya Loewe ya Berlin, na mwaka huo huo wa 1887 Loewe wakanunua hisa za Mauser zikawa zao. Paul akabaki kuwa mkurugenzi wa ufundi kwenye kampuni yenye jina lake.

Sasa tunafika 1888, na hapa naomba tukae kidogo maana ndipo mzizi wa fitina ulipo.

Wafaransa walishaanza kutumia baruti isiyo na moshi mwaka 1886. Wajerumani wakahaha. Jeshi likaunda tume, tume ikakaa Spandau ikaunda bunduki yake haraka haraka: komeo la kufanana na la Mauser, magazini ya mtindo wa Mannlicher wa Austria. Mauser mwenyewe hakuitwa. Bunduki hiyo, Modeli 88, watu wengi mpaka leo wanaiita Mauser wakati sio yake. Risasi yake ilikuwa na upana wa kama milimita 8.1. Mitutu ya mwanzo ikaleta matatizo, mingine ikapasuka. Badala ya kutulia na kutafuta sababu, akatokea mwanasiasa mmoja mchochezi, Hermann Ahlwardt, akaandika kijitabu mwaka 1892 akidai mitutu inapasuka kwa sababu mwenye kampuni ya Loewe ni Myahudi na anaihujumu Ujerumani. Uongo mtupu, kwani bunduki za aina hiyo zilisumbua hata zilizotoka viwanda vya serikali. Mahakama ilimtia hatiani kwa kashfa akahukumiwa miezi mitano jela. Lakini sumu ilishamwagwa, na jamaa akachaguliwa kuwa mbunge! Nchi ile tunajua ilikuja kufika wapi na chuki ya namna hiyo.

Wakati huo mafundi walikuwa wanatafuta jibu la kifundi. Mwaka 1896 wakaongeza kina cha mifereji ndani ya mitutu mipya, na bunduki hizo zikapigwa muhuri wa herufi Z. Halafu ikaja risasi mpya yenye ncha kali, iliyoanza kusambazwa mwaka 1905, na hiyo ilikuwa nene zaidi, kama milimita 8.2. Bunduki zilizorekebishwa ili ziipokee zikapigwa herufi S juu ya bodi, pale mbele ambapo mtutu unaingia. Milimita 8.1 na 8.2, tofauti ni sehemu moja ya kumi ya milimita, macho hayaioni. Ila tia risasi nene kwenye mtutu mwembamba wa zamani, presha inapanda na yote inamrudia mpigaji usoni. Ndio maana mwenye kujua akishika 88 anatafuta herufi hizo kabla ya kitu kingine chochote. Na akishaziona bado haridhiki. Anachukua kipande cha risasi laini, anakipitisha ndani ya mtutu mtupu, kinatoka na alama za mifereji, anakipima. Muhuri unaweza kuwa wa mtutu uliokwisha kutolewa zamani. Kipimo hakina longolongo.

Mauser hakulia. Akarudi Oberndorf akafanya kazi. Mwaka 1889 Wabelgiji walichukua bunduki yake mpya ya milimita 7.65, risasi tano zinasukumwa kwa mara moja kutoka kwenye klipu, na kiwanda cha FN kilianzishwa kwa ajili ya kuitengeneza. Mwaka 1893 Wahispania wakachukua ya milimita 7, magazini imefichwa tumboni. Hiyo ndiyo iliyowatesa Wamarekani Cuba mwaka 1898, na bunduki za ukoo huo huo Makaburu waliwatesa nazo Waingereza kule Afrika Kusini. Wamarekani baada ya kuteswa wakatengeneza Springfield yao ya 1903, iliyofanana na ya Mauser kiasi kwamba ilibidi wamlipe, malipo yakafika dola 200,000. Na tarehe 5 Aprili 1898 Ujerumani wenyewe, waliomwacha nje miaka kumi nyuma, wakaipokea Modeli 98. Bodi nene zaidi, jino la tatu la usalama nyuma ya komeo, na matundu ya kuutoa moto pembeni ganda likipasuka. Mpaka leo kuna bunduki za kuwindia zinazoundwa kwa mpangilio huo.

Kuna hadithi inapendwa sana kwamba aliongeza jino la tatu kwa sababu bunduki ilimpasua jicho. Mahesabu yanaikataa. Jicho la kushoto alilipoteza mwaka 1901, akijaribu bunduki ya kujipakia yenyewe, wakati 98 ilishakuwa mikononi mwa askari. Mzee wa miaka 63 alikuwa bado anapima silaha kwa mkono wake, hakutuma kijana. Katikati ya hayo alikuwa mbunge wa Reichstag, 1898 mpaka 1903. Mwaka 1912 mfalme wa Württemberg akampa daraja la ubwana, akawa von Mauser. Akafariki tarehe 29 Mei 1914.

Hesabu mwenyewe: miezi miwili baadaye dunia ikaingia vitani. Novemba 1914 Waingereza wakashusha watu wapatao 8,000 Tanga, kwa Lettow-Vorbeck aliyekuwa na kama 1,000. Kampuni nyingi za askari wake bado zilikuwa na zile 71 za baruti ya moshi, bunduki ya utoto wa biashara ya Mauser. Ukipiga risasi moja wingu linapanda, adui anajua ulipo. Hata hivyo Waingereza walishindwa, wakaacha bunduki 455, bombomu 16 na risasi 600,000, na hizo ndizo zilizoanza kuwatoa askari kwenye moshi. Aprili 1915 meli Rubens ikaletwa kwa siri mpaka ghuba ya Mansa, kaskazini ya Tanga, ikapigwa na Waingereza ikazama upande, ila mzigo ukaokolewa, zikiwemo bunduki 1,800 mpya. Risasi zilikuwa zimeloa, ikabidi zifunguliwe moja moja, baruti ikaushwe, zifungwe tena. Kwa hiyo mwenye bunduki ya babu wa enzi hizo asikimbilie kusema ni 71 au ni 98. Kikosi kimoja kilikuwa na za Mjerumani za zamani, za Mjerumani mpya na za Mwingereza.

Sasa rudini kwenye lile niliowaambia mlishike. Aliyeanza kwa kugeuza Chassepot ya Wafaransa, za kwake zikageuzwa kuliko za mtu yeyote ninayemjua. Serbia walianza 1907: wakatoa mitutu ya 10.15 kwenye baadhi, wakatia ya milimita 7 na magazini ya risasi tano, bodi ikabaki ile ile ya zamani. Uturuki miaka ya 1930 walikusanya bunduki zao za milimita 7.65 wakazipeleka karakana ya Ankara zikawekwa mitutu ya milimita 7.92 ya Kijerumani. Juu ya bodi utakuta T.C. na AS.FA na ANKARA na mwaka. Ubavuni yanaweza kuwa bado yapo maandishi ya Oberndorf ya enzi za sultani, na anayesoma ubavuni tu anadanganyika.

Mtego mkali kuliko yote ni namba 7.62. Baada ya 1945 Norway walibaki na maelfu ya bunduki za Mauser za Wajerumani walioshindwa. Wakaziwekea mitutu ya kupiga risasi ya Kimarekani yenye ganda la milimita 63, na wakachimba kijishimo mbele ya bodi ili risasi hiyo ndefu ipite. Israel nao, waliokuwa wamenunua za kwao kutoka Czechoslovakia, miaka ya 1950 wakaziwekea mitutu ya risasi ya NATO, ganda la milimita 51, wakapiga 7.62 juu ya bodi na kuichoma kwenye kitako cha mti. Zote mbili ni 7.62. Zote mbili zinaweza kuwa zimetoka kiwanda kimoja mwaka mmoja. Ganda moja linazidi lingine kwa milimita 12. Na ya Israel imaginie: silaha iliyotengenezwa na Wanazi, alama za Wanazi bado zipo kwenye chuma, mtutu mpya una maandishi ya Kiebrania. Chile wao wengine hawakubadilisha hata mtutu, walipachika kijibomba ndani ya chemba ya milimita 7 ili risasi ya NATO ikae, na ukiangalia kwa nje unaona bunduki ya 1895 tu.

Mafundi wanaanza na namba. Namba ya bodi, ya komeo na ya mtutu zilizaliwa sawa, sasa je zinafanana bado? Halafu kilengeo: kama kimeandikwa kwa risasi ya zamani na mtutu ni mpya, mtu alikuwa na haraka. Halafu mti: mtutu wa Kijerumani una ngazi ngazi kama bomba lililopunguzwa hatua kwa hatua, na mtutu wa kuchukuliwa kwingine ukilala ndani ya mti wa zamani unaacha nafasi au umechongewa. Chini ya mtutu, sehemu inayofichwa na mti, ndipo viwanda vilipenda kuweka mihuri ya ukweli. Na mwisho ni kile kipande cha risasi laini nilichosema.

Wadau mlio nje, hasa Ujerumani, Norway na Uturuki, mkipita kwenye makumbusho ya jeshi pigeni picha ya juu ya bodi na ubavu wa kushoto mnitumie, namba zisomeke. Na mlioko hapa nyumbani, anayejua 71 iliyowekwa mahali pa wazi watu kuiona, yenye maandishi ya I.G.Mod.71 ubavuni, aandike hapo chini ni wapi. Natafuta moja ambayo mtutu wake ni wa milimita 11 bado.